Nilivyolipeleka Jina Langu London

Nilikwenda London kwa ajili ya jina. Wapo wanaokwenda kusoma, wapo wanaokwenda kutibiwa, na wapo wanaokwenda wakapotelea huko moja kwa moja. Mie nilikwenda na herufi nne tu, ili kitukuu wangu apewe hizo kabla hajapewa nyingine. Naeleza kwa urefu kwa sababu kila anayepita barazani kwangu Jang'ombe ananiuliza Ulaya kukoje, na nimechoka kujibu "kuna baridi".

Jina langu ni Haya. Baba yangu alilichagua akitumai nitakuwa mtoto wa kuinamisha macho. Hesabu zake zilimpotea. Mapinduzi yalipopita na skuli zikafunguliwa kwa kila mtoto, na mie nikapelekwa, gauni jipya, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika. Mwalimu akaingia, akapiga makofi, akasema, "Haya!" Nikasimama. "Naam, mwalimu." Akaniambia nikae. Akageukia ubao: "Haya, tuanze." Nikasimama tena. Darasa zima likaangua kicheko. Mpaka natolewa darasa la nne nilikuwa nimesimama na kukaa mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa Unguja, na nilichotoka nacho ni kusoma, kuandika na magoti yenye nguvu. Anayetaka elimu ya Warumi wa kale, maana nao watapita humu, akatafute kwingine. Hapa atapata nilichokiona kwa macho yangu, tena yana mtoto wa jicho.

Baada ya Ramadhani, Rahma alinipigia simu kutoka London. Rahma ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alifariki Rahma akiwa msichana, nikamalizia kumlea mie. Alikwenda kusoma, akapata kazi ya kupiga picha vitu vya kale katika nyumba moja ya makumbusho, akaolewa na Idrisa, kijana wa Mombasa anayeuguza wagonjwa hospitali.

"Bibi, wamenipima. Ni mtoto wa kike."

"Basi jina lipo," nikasema.

Rahma akasema, "Bibi, tutazungumza."

Mtu akikwambia mtazungumza, ujue mazungumzo yameshafanyika na wewe hukuwepo. Nikamhoji mpaka akasema: kuna Bi Salama, mama yake Idrisa, yuko Mombasa, na yeye anataka mtoto aitwe kwa jina lake. Wiki ileile nikaanza kuulizia paspoti. Watu niliwaambia nakwenda kumwangalia mzazi, na ni kweli, nilikwenda kumwangalia mzazi. Lakini mzigo wa kwanza kuufunga ulikuwa jina.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege wa Unguja, askari alifungua begi langu akatoa chetezo cha udongo, pakiti ya udi, tangawizi kavu na pilipili manga. Akakigeuza chetezo chini juu.

"Bibi, huko unakokwenda wanafukiza?"

"Watafukiza nikifika," nikamjibu.

Ndani ya ndege nilikaa nimeshika mkoba kama mtu anayesubiri daktari. Walileta chakula kidogo kidogo kwenye visahani, mithili ya watoto wanaocheza kupika. Nikaogopa kulala nisije nikakoroma mbele ya wageni. Nililala. Kijana wa pembeni yangu alithibitisha, kwa adabu, kwamba nilikoroma.

Asubuhi tukateremka London. Nikapanga foleni nikijikumbusha maneno aliyonifundisha Rahma: visiti, grandota, bebi. Zamu yangu ilipofika, msichana wa dirishani akaniinulia uso, akatabasamu, akasema, "Haya!"

Nikasimama wima kama darasani. "Naam!"

Akaipokea paspoti akaangalia, nami nikajiambia: hawa ndio watu. Mzungu ananijua jina kabla hajafungua kitabu. Nikatoka nje kwa mwendo mwingine kabisa.

Huko Ilford, anakokaa Rahma, mambo yakazidi. Mtaa wenyewe umejaa Wahindi, Wapakistani, Waafrika, maduka ya vitambaa na ya nyama ya halali, hata ndizi mbichi na muhogo nikaviona. Jirani wa Rahma, mama mmoja mnene wa Kizungu, akachungulia juu ya uzio: "Haya!" Nikamjibu naam. Msichana wa dukani: "Haya!" Dereva wa basi, kwenye usukani wake: "Haya!" Nikamwuliza Idrisa, "Baba, mmewaambia mji mzima kama nimekuja?" Idrisa akashika mdomo, akasema, "Wajua, Bibi, habari huenea." Yule kijana ana heshima lakini ni mchokozi.

Jioni ile nikamwambia Rahma mbele ya mumewe: "Unaona? Jina hili London limeshafika. Mtoto hatakuwa na tabu nalo."

Rahma akatazamana na Idrisa. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, siku zake zimekaribia, sikutaka kumwudhi. Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka chai ilipopoa, kisha nikasema tena.

Siku chache baadaye Rahma akasema anipeleke nikaone kazini kwake kabla hajajifungua, maana alijua akishazaa sitamwacha atoke mlangoni mpaka arubaini. Tukapanda treni pale Ilford, ile inayoingia chini ya ardhi. Kwenye treni sikuaibika. Niliaibika kwenye ngazi zinazotembea zenyewe. Rahma alitangulia, nikafumba macho, nikalishika koti lake kwa nguvu, nikapanda nikisoma kila sura ninayoijua. Kufika juu nikafumbua macho: koti la bwana mmoja mrefu mwenye ndevu. Tulipanda pamoja mie na yeye, kama maharusi. Na aliyeomba radhi ni yeye. Watu wa London ukiwakanyaga wanakuomba radhi wao, sikuwahi kuona.

Huko makumbusho tukapita mlango wa nyuma wa wafanyakazi, tukaingia chumba kidogo chenye taa kali na mashine za picha. Akainuka mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine ameisahau kichwani. Ndiye mwenzake Rahma, anaitwa Joan, mjuzi wa sarafu za kale. Akanyoosha mkono. "Haya!"

Nikamgeukia Rahma. "Mpaka kazini kwako umewaambia!"

Hapo Rahma akashindwa. Alicheka akishika tumbo, nikaogopa atazalia palepale. "Bibi, nisamehe. Si jina lako. Ndiyo salamu yao hii, kama sisi tunavyosema vipi. Wanaambiana wote."

"Na yule wa paspoti?"

"Hata yule."

"Na dereva?"

"Na dereva, Bibi."

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Juma zima nilikuwa nikiitikia naam kwa madereva.

Joan, aliyeelezwa habari hiyo, hakucheka sana, nikampenda. Akanivutia trei yenye vishimo kama ya mayai, kila kishimo na sarafu yake, akanipa kioo cha kukuzia. Za zamani hizo, kabla ya Mtume kuzaliwa. Upande mmoja kichwa cha mwanamme, shingo nene, majani kichwani. Huyo mfalme wao wa Rumi. Akaigeuza: mwanamke kasimama. Akachukua nyingine: mfalme yuleyule, nyuma mwanamke mwingine. Nyingine, mwingine. Mmoja kashika mizani kama muuza duka. Mmoja kainua gauni kidogo na ua mkononi, kama anavuka dimbwi. Nikaendelea kuangalia, midomo ikinicheza.

"Rahma," nikasema, "huyu bwana kapita idadi. Na wote kawatia kwenye pesa! Mke mkubwa alikubali?"

Rahma akatafsiri. Joan akavua miwani ya machoni, akakumbuka anayo nyingine kichwani, akafurahi kwa yote mawili. "Mwambie si wake zake," akasema. "Ni sifa zake."

"Sifa za mtu zinavaa gauni?"

Rahma akanieleza taratibu, kama mie ndiye mjukuu. Warumi walikuwa na tabia ya kuzichora sifa njema kama watu: uadilifu, amani, tumaini, neema. Na kwa lugha yao maneno hayo ni ya kike, basi wakazichora wanawake. Yule wa mizani ni Uadilifu. Yule wa kuvuka dimbwi ni Tumaini, kainua gauni apate kwenda mbele.

"Kumbe ni kama kwetu," nikasema. "Mume anaitwa Juma, mke anaitwa Subira. Yeye ana siku, mwenziwe ana kazi."

Joan akaliomba hilo lirudiwe, akaliandika.

Basi nikaanza kuwatambua mmoja mmoja. Mmoja kajifunika kichwa, kasimama mbele ya kitu kama jiko, anadondosha punje za ubani. Nikakijua chetezo saa ileile, nikamwambia Joan kile changu nilipita nacho uwanja wa ndege. Huyo ni Ucha Mungu. Mwingine ana sahani mkononi, na nyoka mkubwa kajizungusha, kanyanyua kichwa anakula kwenye sahani.

"Na huyu mchawi?"

Rahma akasita. "Huyu, Bibi... huyu ni Salama."

Naona haya kuliandika linalofuata, lakini nimeshasema nitaeleza yote. Nilicheka. Nilicheka kicheko cha harusi, cha uani, kwenye nyumba ya watu ambamo hunong'onwa tu, mpaka mlango ukafunguliwa na kichwa cha mzee mmoja kikaingia kuangalia nani anakufa. "Salama anafuga nyoka!" nikasema. "Rahma, mpigie picha hiyo umpelekee mama mkwe wako Mombasa!"

Rahma hakucheka. "Nyoka kwao ni dawa, Bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Anamlisha ili watu wapone."

Joan, ambaye hakuelewa chochote, akaniwekea sarafu ya mwisho, ya fedha. Mwanamke amekaa kitini, mkono wa kulia unavuta mtandio usoni. Mie nilikuwa nikifanya hivyohivyo akipita marehemu mume wangu kabla hajanioa. Baadaye alinambia aliliona jicho moja likimchungulia.

"Huyu sasa," akasema Rahma, "ni Haya."

Nikaishika. Ndogo, baridi, imelika pembeni. Zamani zote hizo wamekwishaniandika kwenye fedha, nikajiambia, na mama mkwe wa Mombasa ananizuilia cheti cha mtoto! Nikamwambia Rahma amwulize Joan: hawa wafalme na wake zao walioandikwa sifa hizi, walikuwa nazo kweli?

Joan akacheka kwa mara ya kwanza. "Mara nyingi kinyume chake. Mtu aandika anachotaka watu waamini. Ukiona mfalme kapiga sarafu ya Uaminifu wa Askari, ujue askari wanataka kumwua."

Rahma alitafsiri akitazama sakafu. Mie nilikuwa na Haya mkononi, na mlango bado umeachwa wazi na yule mzee aliyekuja kuangalia kelele zangu. Nikairudisha sarafu kishimoni mwake polepole.

Njiani kurudi, treni ikiwa nusu tupu, nikamwambia Rahma, "Sema."

"Niseme nini, Bibi?"

"Lile ulilolinyamazia tangu siku ya simu."

Akasema akitazama dirisha. Jina la Haya analipenda, kwa sababu ni langu. Lakini Bi Salama alimlea Idrisa peke yake kwa kukaanga viazi karai jioni mpaka akamsomesha. Sasa miguu imekufa ganzi kwa maradhi, hapandi ndege, hatamwona mjukuu wake mpaka wampeleke wao, na hawajui lini. Hajaomba kitu kwa mtoto wake ila hilo jina. Idrisa hakutaka kunambia kwa kunistahi. "Yeye ananiambia, tumpe Bibi, Bibi kasafiri mbali. Mimi sijui, Bibi. Nikikupa wewe namnyima mtu ambaye hawezi hata kusafiri kuja kugombana."

Salama haponi miguu, na Haya haoni haya. Wazee wetu wangeweza kupiga sarafu. Nilijifanya nasoma majina ya vituo, na yeye anajua Kiingereza sisomi.

Mtoto alizaliwa juma lile, salama, wa kike, kelele nyingi. Nikampikia mzazi uji wa pilipili manga, nikamfukiza udi mpaka king'ora cha moshi darini kikalia na jirani akabisha hodi. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: jina litakuwa Salama. Lakini sikumwambia mtu. Nataka niseme ukweli wa hili pia. Ningeweza kumwambia Rahma kitandani, akalala kwa raha. Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka siku ya saba, mbele ya watu, nionekane nikitoa. Hotuba nilishaitunga: namna nilivyotoka mbali, namna ninavyomheshimu mama wa Mombasa, mpaka mahali pa kutulia kidogo watu wapate kulia.

Siku ya saba, nyumba ikajaa. Mbuzi wa akika amechinjwa Unguja, London ni pilau tu. Idrisa akaegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, na ndani yake yuko Bi Salama, amejipamba, kavaa leso mpya, kakaa kwenye kiti chake cha magurudumu uso umeinama kutaka kuona vizuri. Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Ana macho ya Idrisa.

Idrisa akampokea mtoto, akanisogelea. "Bibi, wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Rahma na mie tumekubaliana, utakalolitaja ndilo. Nitajie nimwite sikioni."

Nikamwona Rahma anafumba macho. Nikamwona Bi Salama kwenye kopo la sukari anaukaza mtandio wake. Nikasimama. Nikasafisha koo, nikavuta shungi, na kama nilivyoanza kila shughuli tangu nilipopata akili, nikasema:

"Haya..."

Nikavuta pumzi niingie kwenye hotuba.

Idrisa ameshainama. "Haya binti Idrisa," akamwita sikioni. "Haya. Haya." Mara ya tatu watu wakaitikia, mtu akapiga kigelegele, na mtoto akafungua jicho moja.

"Ngojeni!" nikasema. "Sijasema! Nilikuwa nasema haya, kisha niseme—"

"Tumesikia, Bibi!" wakapokea wote. "Haya! Jina zuri!"

Kwenye kopo la sukari Bi Salama akauachia mtandio wake. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo wake mwenyewe:

"Haya."

Wakadhani kalirudia jina kwa furaha, vigelegele vikazidi. Mie nilijua ameridhia tu, namna sote tunavyoridhia tukishindwa. Hotuba yangu yote ikanikauka mdomoni.

Nikaichukua simu nikaenda nayo jikoni, nikafunga mlango, nikamwambia kila kitu. Nilichoamua kwenye treni, hotuba, pale pa kutulia watu walie. Nikamwambia na habari ya nyoka, kwa sababu nilishaanza. "Ukitaka, Bi Salama, narudi ukumbini sasa hivi, nawaambia nimekosea. Haijapita hata robo saa."

Mabega ya Bi Salama yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mtu wa huko akaja kumpa maji.

"Bi Haya," akasema akifuta macho, "wewe kweli huna haya."

"Sina, mwenzangu."

"Usiwaambie kitu. Lishaingia sikioni kwa mtoto, halitolewi. Lakini wa pili ni wangu. Na siku hiyo wewe ukae, usisimame, na mdomo utiwe tende."

Tukakubaliana hivyo. Tangu siku ile tunapigiana kila Ijumaa, kwa kisingizio cha mtoto.

Baada ya arubaini nikafunga begi, chetezo nikamwachia Rahma. Uwanjani, kijana aliyepima mizigo akanyanyua uso, akasema, "Haya!" Sasa najua maana yake, lakini mazoea ya skuli hayatoki. "Naam," nikamwambia. "Ila siku hizi tuko wawili." Hakuelewa, akaniomba radhi.

Hapa Jang'ombe nimewaeleza wote kwamba ulimi uliteleza. Hakuna aliyeniamini. Wananitazama, wanasema, "Haya, Bibi, haya," na mie kila mara nageuka kumtafuta kitukuu wangu.